Barua Husomwa na Nani? Uchumba na Makosa ya Mtazamo wa Kwanza katika Pride and Prejudice, Rosa Mistika na Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kazi tatu za fasihi zinazosawiri uchumba unaoanza kwa mtu kumsoma mwenzake vibaya: riwaya ya Jane Austen, Pride and Prejudice (1813), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), na tamthiliya ya Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe (1988). Uhakiki umeongozwa na Nadharia ya Upokezi, hususani dhana ya upeo wa matarajio iliyoasisiwa na Hans Robert Jauss, na umemweka mbele msomaji wa Msalato, mkoani Dodoma. Hoja kuu ni kwamba kazi hizi hazitofautiani sana katika kosa la kwanza, kwa kuwa kosa hilo hufanywa na karibu kila mhusika. Zinatofautiana katika nafasi anayopewa msichana ya kutazama mara ya pili kabla hukumu haijafungwa.

1.0 Utangulizi

Msalato ipo kaskazini mwa Jiji la Dodoma, kwenye barabara iendayo Kondoa hadi Arusha. Jina lake hutajwa kwa mambo yasiyofanana: mnada wa mifugo, chuo cha theolojia cha Kanisa Anglikana, kiwanja kipya cha ndege cha kimataifa, na shule ya serikali ya bweni inayopokea wasichana waliofaulu vizuri kutoka mikoa mbalimbali. Mnadani, mnunuzi anayeijua kazi yake hamwamini ng'ombe kwa sababu ya ngozi inayong'aa. Humzunguka, humfungua kinywa kutazama meno, humtembeza aone miguu, kisha huuliza ametoka zizi la nani. Mtazamo wa kwanza humvuta karibu tu. Uamuzi hungoja mtazamo wa pili na wa tatu.

Katika Ugogo mifugo hiyohiyo ndiyo iliyobeba ndoa. Mathias Mnyampala, mshairi mzaliwa wa Ugogo, aliyahifadhi maisha ya watu wake katika Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika (1954), na mwanaanthropolojia Peter Rigby, katika Cattle and Kinship among the Gogo (1969), alieleza jinsi ng'ombe walivyofunganisha koo. Mahari iliyotoka kwa ndugu wengi ililazimu macho mengi yachunguze kabla ya kukubali. Hata hivyo, ulinganisho huu una ukali wake. Macho hayo mengi yalikuwa ya wazee, na msichana alikuwa zaidi mwenye kutazamwa kuliko mwenye kutazama. Swali la makala haya linatokana na hali hiyo: katika kazi za fasihi zinazohusu uchumba, ni nani anayeruhusiwa kutazama tena?

Swali hili si la darasani pekee. Msichana wa kidato cha tatu anayesoma Ngoswe yumo katika umri uleule ambao sheria ya nchi ilihesabu kuwa unamfaa kuolewa, na anasoma kazi ambayo kwa kawaida hufundishwa kama onyo dhidi ya mapenzi. Uhakiki unaoishia kwenye onyo humwambia asitazame. Makala haya yanadai kwamba kazi zenyewe zinasema jambo jingine.

2.0 Kiunzi cha Nadharia

Jauss anaeleza kwamba msomaji haifikii kazi akiwa mtupu. Hufika na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizozisoma, desturi za jamii yake na lugha aliyolelewa nayo. Kazi huweza kuuthibitisha upeo huo au kuuvunja. Thamani ya usomaji huonekana pale msomaji anaporudi nyuma na kugundua kwamba alichokisoma mwanzoni kilikuwepo, lakini hakukiona.

Dhana hii inafaa hapa kwa sababu katika kazi zote tatu wahusika ni wasomaji. Wanasoma nyuso, mavazi, vyeo na uvumi. Tena, katika kila kazi kipo kitu cha kusomwa kwa maana halisi: barua ya Darcy, barua ya Charles, karatasi za Ngoswe. Kinachoipata karatasi katika kila hadithi kinaonesha kinachompata msichana. Kwa hiyo uchambuzi utafuata karatasi hizo moja baada ya nyingine.

3.0 Barua Inayosomwa Mara Mbili: Pride and Prejudice

Austen aliiandika rasimu ya kwanza ya riwaya hii mwaka 1796 hadi 1797, kwa jina lililomaanisha mitazamo ya kwanza. Mchapishaji mmoja wa London aliikataa mwaka 1797, na riwaya ilitoka kwa jina jipya mwezi Januari 1813. Wakati huo Uingereza ilikuwa katika Enzi ya Rejensi, yaani kipindi cha 1811 hadi 1820 ambapo mwana wa Mfalme George III alitawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa. Katika tabaka la wenye ardhi wa enzi hiyo, ndoa ilikuwa jambo la riziki. Bwana Bennet ana mapato ya pauni 2,000 kwa mwaka na mabinti watano, lakini shamba lake limefungwa kisheria lirithiwe na mwanamume, na mrithi aliyepo ni binamu yake, Bwana Collins. Binti asiyeolewa atabaki bila paa siku baba atakapofariki.

Kosa la kwanza linatokea katika dansi ya mji mdogo wa Meryton. Darcy, mwenye pauni 10,000 kwa mwaka, anakataa kucheza na Elizabeth na kumshusha hadhi huku msichana akisikia. Kuanzia hapo Elizabeth anamsoma Darcy kama mtu mwenye kiburi tu. Baadaye anatokea Wickham, askari mwenye sura nzuri na maneno laini, naye anamsoma kama mtu mwema aliyedhulumiwa. Waswahili wangesema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wahakiki wengi huishia kwenye funzo kwamba mtu asihukumu kwa kuona mara moja. Funzo hilo ni kweli, lakini halielezi namna kosa linavyorekebishwa. Elizabeth anapomkataa Darcy huko Kent, Darcy anampa barua mkononi na kuondoka. Elizabeth anaisoma kwa hasira, anaikunja, anaifungua tena, kisha anatembea njiani kwa muda wa saa mbili akiipima. Katika kuipima, sehemu kubwa ya ushahidi unaomwangusha Wickham haitoki ndani ya barua. Inatoka katika kumbukumbu ya Elizabeth mwenyewe: kwamba Wickham alimweleza siri za maisha yake akiwa bado mgeni kwake, na kwamba alijigamba hamwogopi Darcy lakini hakuhudhuria dansi ambako Darcy alikuwepo. Mambo hayo Elizabeth aliyaona na kuyasikia. Upeo wake wa matarajio ndio uliomzuia kuyasoma.

Mageuzi haya yanahitaji masharti ambayo ni rahisi kuyapita bila kuyaona. Barua imefika mikononi mwake. Amebaki nayo. Amepata njia ya kutembea peke yake na muda wa kufikiri. Hakuna mtu aliyemnyang'anya karatasi, wala aliyemtaka atoe jibu kabla ya jua kuzama. Miezi kadhaa baadaye anafika Pemberley, nyumba ya Darcy huko Derbyshire, na kumsikia mtunza nyumba aliyemjua Darcy tangu utotoni akimsifu kwa wema. Kuuliza ng'ombe ametoka zizi gani hakujapata mfano bora zaidi katika riwaya ya Kiingereza, isipokuwa hapa anayeuliza ni msichana mwenyewe.

Austen haoneshi kwamba kila msichana hupata masharti hayo. Charlotte Lucas, mwenye miaka 27 na asiye na mali, anamkubali Collins, mwanamume aliyeposa wanawake wawili ndani ya siku tatu. Charlotte hakukosea kumsoma Collins. Anamjua kuwa mpumbavu. Anachokosa ni uwezo wa kusubiri. Lydia, mdogo wa Elizabeth, ana miaka 15 hadithi inapoanza. Anamsoma Wickham kama Elizabeth alivyomsoma mwanzoni, lakini ukweli kuhusu Wickham umefichwa na wale wanaoujua, akiwemo dada yake. Anapotoroka naye, anaokolewa na fedha za Darcy, anayelipa madeni ya Wickham ili ndoa ifungwe. Katika familia moja, basi, dada mmoja alipata mtazamo wa pili na mwingine hakuupata, na tofauti yao haikuwa akili peke yake. Mmoja alipewa habari, mwingine alinyimwa.

4.0 Barua Inayonyang'anywa: Rosa Mistika

Kutoka Hertfordshire ya Bennet hadi kisiwa cha Ukerewe ni mbali, lakini Kezilahabi naye anaanza na baba, mabinti na barua. Zakaria ni mlevi na mkali. Charles, kijana anayempenda Rosa, anamwandikia barua, na barua hiyo inapoangukia mikononi mwa Zakaria, Rosa anapigwa vikali. Msomaji aliyetoka kwa Austen anatambua mara moja kilichotokea. Barua ya uchumba imesomwa na mtu asiyeandikiwa, imesomwa mara moja tu, na hukumu imetolewa papo hapo. Mwenye barua hakupata saa mbili za kutembea njiani.

Riwaya hii ilipotoka ilishtua wengi na ikazuiwa shuleni kwa muda. Tangu hapo imehakikiwa sana kama kisa cha malezi makali yanayozaa uasherati: msichana aliyefungiwa nyumbani anafika chuoni, anaonja uhuru, anapotoka. Tafsiri hii haina kosa, ila inamwacha Rosa akiwa kielelezo cha tabia. Kwa kutumia dhana ya upeo wa matarajio, tatizo la Rosa linaonekana kwa namna nyingine. Zakaria hakumfundisha binti yake kuwaepuka wanaume wabaya. Alimnyima mazoezi ya kuwasoma wanaume. Msichana aliyeadhibiwa kwa barua ya kijana mmoja aliyekuwa na nia ya kweli hakuwa na kipimo cha kumtofautishia mwenye nia na mlaghai. Alipofika mahali ambapo hakuna fimbo, alikutana na wanaume wenye cheo na umri akiwa na macho yasiyowahi kutumika.

Mwisho wa riwaya unaikaza hoja hii. Charles anarudi na ndoa inakaribia, lakini anapogundua kwamba Rosa si bikira anamwacha, na Rosa anajiua. Hapa Charles ndiye msomaji wa mtazamo mmoja. Alibeba moyoni picha ya msichana wa kijijini aliyepigwa kwa ajili yake, na alipomkuta mwanamke mwenye historia hakukubali kusoma upya. Darcy alikataliwa kwa maneno makali, akaandika barua, akabadilika. Charles hakukataliwa, aliambulia ukweli tu, na ukweli ukamshinda. Kezilahabi haoneshi kwamba Rosa hakuwa na makosa. Anaonesha kwamba katika jamii ile mwanamume aliweza kuwa na yaliyopita, na mwanamke hakuweza.

5.0 Karatasi Zinazochomwa: Ngoswe

Katika tamthiliya ya Semzaba, karatasi si barua ya mapenzi bali fomu za sensa. Tanzania baada ya Uhuru ilihesabu watu wake mwaka 1967, 1978 na 1988, na tamthiliya ilitoka katika mwaka wa sensa hiyo ya tatu. Ngoswe ni kijana msomi aliyetumwa kijijini kuhesabu watu. Anapokelewa na Balozi Mitomingi, na nyumbani kwa mwenyeji wake anamwona Mazoea, binti wa nyumba hiyo. Penzi linazuka, mipango ya kutoroka inafanywa, na Mitomingi kwa hasira anazichoma karatasi zilizobeba kazi yote.

Jina la tamthiliya linamwongoza msomaji kwenye funzo la uwajibikaji: penzi limeharibu kazi ya taifa. Hivyo ndivyo inavyofundishwa, na si vibaya. Lakini makosa ya kusoma ni mengi kuliko penzi la vijana wawili. Mitomingi anamwona mgeni mwenye karatasi za serikali na kuamini kwamba cheo ni tabia. Msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone unageuka kichekesho kichungu, kwani mwenyeji haponi. Ngoswe naye anamsoma Mazoea kama msichana wa kijijini asiye na mpango wowote ila kumngoja mtu wa mjini. Mazoea anamsoma Ngoswe kama njia ya kutokea. Mtu aliyetumwa kuhesabu wote anaishia kumwona mmoja, na hata huyo hamwoni vizuri.

Tofauti kubwa na kazi mbili zilizotangulia ni kasi. Sensa ina tarehe ya mwisho, na penzi linafuata ratiba ya sensa. Hakuna anayemwuliza mwenzake ametoka wapi. Hakuna barua inayofunguliwa mara ya pili. Jina la Mazoea lenyewe lina kejeli ndani yake, kwani mazoea ndiyo yaliyokosekana kati yao: hawakuwahi kuzoeana. Moto wa Mitomingi unakamilisha yote. Katika riwaya ya Austen, Darcy anatamani baadaye kwamba barua yake kali iwe imeharibiwa, naye Elizabeth yuko tayari kuichoma kwa kuwa imekwisha kufanya kazi yake. Huko moto ungekuja baada ya kusoma. Kwa Semzaba moto unakuja kabla, na kinachoteketea ni hesabu ya kijiji kizima pamoja na nafasi ya vijana kujirekebisha.

6.0 Barua ya Posa na Sheria

Hoja hii inaweza kupingwa kwa kusema kwamba jamii za Tanzania hazikuwa bila mtazamo wa pili. Kulikuwa na mshenga, kulikuwa na posa, kulikuwa na muda wa wazee kuulizia ukoo, magonjwa na mwenendo. Pingamizi hili lina uzito. Utaratibu huo ulizuia ndoa nyingi mbaya, na ungeweza kumkamata mtu kama Wickham mapema, kwa sababu sifa yake mbaya ilijulikana kwao. Mitomingi na Ngoswe walianguka pale utaratibu huo uliporukwa.

Hata hivyo, barua ya posa haielekezwi kwa msichana. Mshenga huileta kwa wazazi, hufunguliwa na wazee, hujibiwa na wazee. Mtazamo wa pili upo, lakini anayeolewa ndiye pekee asiyekuwa na hakika ya kushirikishwa. Ndiyo maana inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1971, mwaka uleule wa Rosa Mistika, ilitungwa Sheria ya Ndoa, ambayo katika kifungu cha 13 ilimruhusu mwanamume kuoa akiwa na miaka 18 na msichana kuolewa akiwa na miaka 15, kwa ridhaa ya mzazi. Miaka 15 ndiyo ya Lydia hadithi yake inapoanza. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vinavyoruhusu ndoa hizo vinakiuka Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali. Mwaka 2016 pia Sheria ya Elimu ilirekebishwa na kuweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi. Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali iliwaruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi shuleni.

Ukisomwa pamoja na kazi hizi tatu, mlolongo huo wa sheria una mantiki ya kifasihi. Uamuzi wa mahakama unampa msichana kile alichopewa Elizabeth njiani, yaani muda. Ruhusa ya kurudi shuleni inamnyima Charles haki ya kufunga hukumu kwa mtazamo mmoja. Adhabu ya miaka 30 inamlenga mwanamume anayetumia cheo na umri, kama wale waliomzunguka Rosa. Lakini hakuna kati ya hayo linalomfundisha msichana kusoma. Kazi hiyo imebaki kwa fasihi na kwa wanaoifundisha.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba makosa ya mtazamo wa kwanza hayana nchi wala enzi. Elizabeth, Lydia, Charles, Mitomingi na Ngoswe wote walisoma vibaya. Waliobahatika ni wale waliopata karatasi, muda na habari za kuwawezesha kusoma upya. Walioangamia walinyimwa kimojawapo. Kwa hiyo funzo la kwamba mapenzi ni hatari linamwelekeza mwanafunzi mahali pasipostahili. Hatari ya kweli imo katika mtazamo mmoja unaogeuzwa kuwa hukumu ya mwisho, hasa pale anayehukumiwa ni msichana na anayeshika karatasi ni mtu mwingine.

Makala haya yanapendekeza kwamba Ngoswe na Rosa Mistika zisomwe sambamba na riwaya za uchumba za nchi nyingine, na kwamba darasani swali la nani mwenye makosa lifuatwe na swali la nani aliyeruhusiwa kutazama tena. Wahenga walisema macho hayana pazia. Msichana wa Msalato ataona tu, hata akikatazwa. Kinachoweza kubadilishwa na elimu ni kile anachokifanya na alichokiona: kukizunguka, kukiuliza zizi lake, na kukipa siku ya pili. Mnunuzi wa ng'ombe hupewa nafasi hiyo kila siku ya mnada, bila mtu yeyote kumlaumu kwa kuwa na mashaka.